Robo ya Mwisho

Katika karakana ile ya malori walimwita Robo, na si kwa sababu ya kimo. Alikuwa mtu wa miraba minne, mkono wake mnene kama mchi wa kinu. Jina lilitokana na tabia. Fundi akishamaliza kufunga gurudumu na kukaza nati zote kumi, Robo alikuja na wili spana yake, kile chuma kirefu cha kukazia nati, akapita nati moja baada ya nyingine akiongeza robo mzunguko. Robo, robo, robo, mpaka zote kumi. Kisha alitoa kipande cha chaki mfukoni, akachora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili nati ikilegea mstari ukatike na mtu aone. Hapo ndipo lori liliruhusiwa kutoka. Malori kumi na manane, kila siku ya Mungu, miaka kumi na mmoja.

Na tusidanganyane, tabia haibaki kazini ikakusubiri hadi kesho. Ilimfuata nyumbani. Alishavunja mabomba matatu ya jikoni kwa kuyakaza, na fundi bomba wa mtaani alikuwa akimwamkia kwa furaha kila akimwona. Makopo ndiyo usiseme. Mkewe alikuwa akiyapeleka kwa jirani yakafunguliwe.

"Mume wangu," alimwambia siku moja, "hili kopo la sukari umelifunga ili nani asile? Mimi au sisimizi?"

Robo akalifungua, akampa, akangoja achote, akalifunga tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Robo nyoka wake alikuwa anamjua. Miaka kumi na mmoja nyuma, akiwa na miezi minne tu tangu apewe ukuu wa karakana, lori moja lililetwa mchana na pancha. Yeye alikuwa kwenye simu akigombana na muuza vipuri. Fundi alipobandua jeki, Robo aliuliza, "Tayari?" Akajibiwa, "Tayari." Akasaini karatasi huku simu ameibana begani, na wala hakwenda kutazama. Kilomita tatu kutoka hapo, kwenye mteremko, gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka. Lori likalala ubavu. Dereva alitoka na mikwaruzo. Utingo alikatwa mguu chini ya goti.

Kampuni ilimpa yule utingo mguu wa bandia na kazi ya kulinda geti kubwa. Kwa kuwa hapitwi na kitu, watu wakamwita Chonjo. Na Robo? Robo tangu siku hiyo hakupita geti kubwa. Alizunguka uzio mzima asubuhi, dakika kumi na mbili kwa miguu, akaingilia kimlango cha nyuma karibu na matangi ya mafuta machafu. Jioni vilevile. Wakati wa mvua alifika ofisini na matope hadi magotini, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba daktari amemshauri atembee. Mkewe alipojaribu kumtuliza kwamba yaliyopita si ndwele, alimkata kauli: "Ndwele ipo getini, imekaa kwenye kigoda."

Sasa tuje kwenye Alhamisi yenyewe.

Siku hiyo Robo aliamka na ujumbe wa bintiye kwenye simu. Binti huyu aliolewa mji wa mbali, na alikuwa amejifungua wiki sita zilizopita, mjukuu wa kwanza wa Robo. Babu alishaahidi kwenda mara mbili, na mara mbili kazi ilimbana. Ujumbe ulisema: "Baba, usijisumbue. Mtoto akishajua kutembea atakuja mwenyewe kukuona." Robo aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Ulimchoma penyewe.

Saa nne asubuhi meneja akamwita ofisini. Meneja alikuwa mama wa makamo, hana makuu, lakini akishavua miwani ujue mzaha umeisha. Aliivua.

"Mzee, umelimbikiza likizo ya miaka kumi na mmoja. Bega lako la kulia mganga wa kampuni ameniandikia mara tatu. Na nasikia umepata mjukuu. Jumatatu unaondoka, wiki mbili. Nataka jina la atakayekaimu."

"Mama, hapo kuna ugumu."

"Ugumu gani? Una mafundi saba."

"Saba wapo. Lakini wale nikigeuza mgongo tu..."

Kutoka getini kulisikika honi ya lori, ndefu, ya mtu aliyekasirika. Robo akakunja uso. "Nani huyo anapiga honi kama yuko kwenye msafara wa harusi? Unaona? Ndiyo adabu yao hiyo."

"Taja jina, Mzee."

Robo akafikiria. Shemeji, nduguye mkewe, ambaye karakana nzima ilimwita hivyohivyo Shemeji: mikono mizuri, lakini kichwa kiko kwenye mpira. Siafu, yule dada mfupi aliyepewa jina hilo kwa kuwa akishang'ang'ania kazi haachi: hodari, lakini hajawahi kumwona akikaza gurudumu hadi mwisho. Wengine pia hajawahi kuwaona. Alipita majina yote saba akarudi la kwanza.

"Hakuna," akasema.

"Miaka kumi na mmoja hujapata hata mmoja?" Meneja hakupandisha sauti. "Basi tatizo langu si likizo. Nipe jina kabla ya saa kumi jioni. La sivyo nitatafuta mkuu wa karakana anayejua kuacha watu nyuma yake, na wewe utabaki na spana yako unayoipenda."

Honi ikalia tena, na tena. Robo alitoka ofisini akiwa na uchungu wa mtu aliyetukanwa kwa adabu.

Alipofika karakana, kituo cha tatu kilikuwa kitupu. Hapo palikuwa na lori namba saba. Walikuwa wamefungua magurudumu ya nyuma kushoto ili kubadilisha breki. Jeki ilikuwa pembeni, na wili spana yake yeye Robo imening'inia ukutani palepale alipoitundika jana.

"Namba saba liko wapi?"

"Limeondoka, Mzee," akajibu Siafu akijifuta mikono. "Dereva alisema mzigo wa unga unasubiriwa."

"Nani amekaza?"

Siafu akamtazama Shemeji. Shemeji akamtazama Siafu. Jamani, kuna kimya cha watu wasiojua, na kuna kimya cha watu walioanza kujua. Hiki kilikuwa cha pili.

"Mimi nilishikiza tu, bila kukaza," akasema Siafu polepole. "Nikaenda kuchukua mafuta ya breki. Nilijua utapita."

"Na mimi nilipoteremsha jeki nilijua ameshapita," akasema Shemeji. "Nati zilikuwa zimekaa vizuri tu. Si huwa tunashikiza, kisha wewe unakaza?"

"Huwa mnashikiza?" Robo akageuka kuwatazama wote. "Siku zote?"

"Mzee, tukikaza unarudia," akasema Siafu. "Mara ya kwanza nilipoajiriwa nilikaza nati kumi mpaka mishipa ikanisimama. Ukaja ukaongeza robo kwenye zote, hukusema neno. Kesho yake hivyohivyo. Wiki ya pili nikajiambia, nguvu za nini? Nikawa nashikiza. Hata wenzangu niliwakuta wanashikiza. Mgeni akija ndivyo tunavyomfundisha: shikiza, mwachie Mzee."

Kumbe! Miaka yote ile alijua anaongeza robo juu ya kazi ya mafundi, na kumbe alikuwa anaifanya kazi nzima peke yake. Ndiyo maana bega lilikufa. Na yote hayo aliyafundisha yeye, bila kufungua mdomo.

"Mpigie dereva!"

Shemeji alishapiga. "Haipokelewi. Amri yako, Mzee, dereva akiwa barabarani asiguse simu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Robo aliichukia amri yake mwenyewe. Akaichomoa spana ukutani akakimbia. Mzee wa miaka hamsini na sita, tumbo mbele, chuma mkononi, akikimbia kuelekea pikapu ya kampuni iliyoegeshwa karibu na geti kubwa. Siafu nyuma yake. Kichwani mwake hakukuwa na lori wala unga. Kulikuwa na mteremko ule, na mguu wa mtu.

Alipokata kona ya ghala, alisimama ghafla hata Siafu akamgonga mgongoni.

Namba saba lilikuwa palepale, ndani ya geti. Kizuizi kimeshushwa. Mbele ya bampa, katikati ya njia, Chonjo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mguu wa bandia ameunyoosha mbele, mikono kifuani. Juu dirishani dereva alikuwa amewiva kwa hasira, na pembeni yake utingo alikuwa anakula ndizi taratibu.

"Afadhali umekuja, Mzee!" dereva akafoka. "Mwondoe mtu wako huyu. Dakika kumi na tano nampigia honi, ananiambia chaki, chaki. Mimi ni dereva au mwalimu?"

Robo alimpita. Alizunguka nyuma kushoto, akainama, akagusa nati ya kwanza. Ilishika. Akagusa ya pili. Ikazunguka kwa vidole viwili, laini, kama kifuniko cha chupa ya soda iliyokwisha kufunguliwa. Ya tatu pia. Robo akakaa chini, kwenye vumbi, na spana yake mapajani.

Chonjo akainuka, akaja akichechemea, akasimama juu yake.

"Ulijuaje?" Robo akauliza.

"Sikujua chochote. Sikuona chaki."

"Huwa unaangalia chaki?"

"Kwani wewe ulidhani hapa nakaa kuhesabu mawingu? Tangu wiki ya kwanza waliponipa kazi hii. Gurudumu halina mstari, lori halitoki. Siku zote mstari ulikuwapo, ndiyo maana hukuwahi kunisikia."

Dereva alikuwa ameshuka. Alizigusa nati mwenyewe, akaenda kusimama mbali. Utingo akaacha kutafuna.

Robo alitaka kusema asante, lakini kilichotoka si hicho. Kilitoka kile kilichokuwa kimekaa kooni miaka kumi na mmoja.

"Ndugu yangu, siku ile mimi sikukagua. Niliuliza tu kama tayari, nikasaini. Nilikuwa kwenye simu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa lori nakungoja usaini. Nilikuona na simu yako begani. Ulikuwa unagombana na mtu habari za mkanda wa feni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia wapi?" Sasa Chonjo naye sauti ilimpanda. "Unapita kule kwenye matangi kama mwizi wa kuku! Mwaka wa kwanza nilikuwa nakungoja hapa nikutukane, na nisikufiche, nilikuwa nimeyapanga matusi vizuri. Hukupita. Mwaka wa pili hasira ikaisha, nikawa nakungoja nikwambie yameisha. Hukupita. Miaka tisa sasa nimekaa na msamaha wako hapa getini, mwenyewe huji kuuchukua. Nikauweke wapi, kwenye kitabu cha wageni?"

Siafu alicheka, kisha akajizuia. Robo hakucheka. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, mbele ya dereva, mbele ya utingo, mbele ya fundi wake.

"Nisamehe," akasema.

"Nimeshakwambia ni miaka tisa. Simama, unachafua suruali."

Robo akasimama. Na hapohapo, mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi, akaichukua spana akaitia kwenye nati ya pili. Chonjo akaweka mkono wake juu ya ile spana.

"Mpe aliyelifunga."

"Bwana, hili acha nimalizie tu..."

"Mzee, mimi ulinikosea mara moja, ukajilaumu miaka kumi na mmoja. Hawa umekuwa ukiwachukulia kazi mikononi kila siku, wala hulali macho kwa ajili hiyo. Leo asubuhi umeitwa ofisini kwa nusu saa tu, angalia kilichotaka kutokea. Siku ukifa je? Mpe."

Robo alimtazama Siafu. Akampa spana.

Siafu alipanga miguu, akavuta. Alikaza ya kwanza, akavuka hadi ya upande wa pili, akarudi, kwa mpangilio kama kazi inavyotaka. Robo alisimama kando yake na mikono ikamwasha. Sitanii, ilimwasha kweli, viganja vyote viwili, akaitia mifukoni. Ya saba ilimtoa Siafu jasho. Kwenye ya tisa Robo aliona amekunja kiwiko vibaya, akafungua mdomo, akaufunga. Ya kumi ikalia kwa chuma kugoma. Siafu akajinyoosha, akamnyooshea spana kama siku zote, ili aje na robo yake.

Hapo ndipo palikuwa pagumu, na ninyi mnaodhani ni jambo dogo jaribuni kuacha kitu mlichokifanya miaka kumi na mmoja. Robo aliitazama ile spana. Akaitazama nati ya kumi. Akatoa mkono mfukoni na ndani yake mlikuwa na kipande cha chaki.

"Imekaza?" akamuuliza.

"Imekaza, Mzee."

"Wewe unasema imekaza?"

Siafu akafikiria kwanza. Aliinama tena, akazipitia zote kumi kwa mkono, moja moja, na kwenye ya nne akaongeza kidogo. "Mimi nasema imekaza."

"Basi chora."

Akachora. Mistari ilipinda, maana hakuwa amewahi kushika chaki ile. Chonjo alizunguka akaitazama yote, akarudi kwenye kamba ya kizuizi, akakipandisha. Dereva alipopita alitoa mkono dirishani, hakusema kitu, na kwa mtu yule kutosema kitu ilikuwa hotuba.

Saa kumi kasoro Robo aliingia kwa meneja na kutaja jina la Siafu. Kabla ya hapo alikuwa amewakusanya mafundi wote saba chini ya paa la kituo cha tatu, akawaambia kwa maneno machache kwamba amewafundisha vibaya, kwamba neno kushikiza limekufa leo, na kwamba anayefunga gurudumu ndiye anayekaza, ndiye anayechora, na jina lake linaandikwa pembeni. Shemeji akauliza kama hata yeye. "Hasa wewe," akajibiwa.

Msidhani alitakasika siku moja. Ijumaa alishinda na mikono mifukoni akitembea kati ya malori kama mgeni wa msiba asiyejua akae wapi. Jumamosi, watu walipokwenda kunywa chai, aliiba spana, akaongeza robo kwenye namba kumi na mbili. Siafu alimkuta ameinama.

"Mzee, toka hapo."

"Nilikuwa natazama tu."

"Unatazama kwa spana? Toka. Hilo ni langu." Akaifuta chaki, akakagua zote upya, akachora upya, huku Robo amesimama kama mwanafunzi aliyeshikwa na karatasi ya majibu. Na moyoni, pamoja na aibu yote, alifurahi.

Jumatatu asubuhi mkewe alipanga nguo kwenye begi moja kubwa. Robo alifunga zipu, akaliacha, akarudi akaivuta tena. Mkewe alimtazama tu. Walikubaliana akapitie kazini kuacha funguo, kisha wakutane stendi saa tatu.

Aliacha funguo. Aliporudi na begi lake miguu ilimpeleka upande wa matangi, hatua kama kumi, kabla hajashtuka. Akageuka. Geti kubwa lilikuwa na foleni: namba saba mbele, limejaa unga, dereva yule yule, utingo yule yule. Chonjo alikuwa anazunguka magurudumu na fimbo yake.

"Nani amekaza?"

"Siafu," akasema dereva. "Na nimemwona kwa macho yangu."

Chonjo akapandisha kizuizi. Lori lilianza kusogea, na gurudumu la nyuma kushoto likapita karibu kabisa na goti la Robo, mistari ya chaki imepinda ikizunguka polepole. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe hadi usawa wa kiuno. Akautazama mkono ule. Akaurudisha kwenye begi. Lori lilikata kulia kuelekea kwenye mteremko, na yeye alibaki amesimama katikati ya geti, akisikiliza.

"Mzee," Chonjo akamwita, kamba ya kizuizi bado iko mkononi. "Unapita au unakagua?"

"Napita," akasema Robo, na akapita.